Je, Twampenda Mtu au Twalipenda Vazi Lake?



Mwezi wa Agosti mwaka 2024 parishi yetu ilipokea wageni kutoka kanisa rafiki la Uingereza, na mmoja wao alilala nyumbani kwetu siku nne. Ni mzee wa kanisa huko kwao, mtu wa miaka hamsini na miwili, fundi wa mabomba ya maji kwa kazi yake, mpole, tena asiyechagua chakula. Jumamosi jioni, tulipokwisha kula, vijana wa nyumbani walimwuliza alipokuwa mtoto Jumamosi kama hiyo alikuwa akifanya nini. Akacheka, akasema kwamba kwao Jumamosi jioni ilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kukaa mbele ya televisheni kumtazama Daktari. Akatusimulia habari za mwigizaji Tom Baker, na za skafu ndefu ambayo bibi yake alimfumia ili afanane naye. Kisha akasimulia jinsi tarehe 21 Machi 1981, Daktari yule alipoanguka kutoka juu ya mnara na kufikia mwisho wake, yeye mtoto wa miaka tisa alikataa chakula akaenda kulala akilia.

Kijana wetu mmoja, ambaye ulimi wake hauna breki, akauliza, "Mzee, ulimlilia mtu ambaye hayupo?"

Mgeni akajibu, "Yupo sana. Mwaka huu ametimiza miaka tisini."

"Basi ulimlilia mtu ambaye hakufa."

Tulicheka sote, na mgeni pia, lakini tuliona macho yake yamelowa. Miaka arobaini na mitatu ilikuwa imepita tangu siku ile.

Usiku ule hatukulala upesi. Swali la kijana lilikuwa la mzaha, ila lilikuwa na mwiba ndani yake. Yule mtoto alimpenda nani? Kama alimpenda Daktari, Daktari hayuko duniani wala hajapata kuwako. Kama alimpenda Tom Baker, hakumjua hata kidogo. Je, upendo wa namna hii ni upendo kweli, au ni pumzi iliyopotea hewani? Na yule anayeupokea, hali anajua kwamba haukuelekezwa kwake hasa, ana deni gani? Nasi tulikuwa na sababu yetu wenyewe ya kuuliza hivyo, ambayo tutaisema mbele.

Wengi wetu hatukukiona kipindi hicho. Televisheni ilifika Zanzibar miaka ya sabini, lakini huku Bara tulingoja mpaka 1994. Sisi wa rika letu tulilelewa na redio, na waigizaji tuliowapenda, kama wale wa Pwagu na Pwaguzi, tuliwapenda kwa sauti zao tu. Yatupasa basi tueleze kidogo.

Kipindi chaitwa Doctor Who, nacho kilianza katika BBC ya London tarehe 23 Novemba 1963. Daktari huyu si mganga, wala jina lake halisi halijulikani. Ni msafiri kutoka sayari nyingine, asafiriye katika anga na katika nyakati, zilizopita na zijazo, ndani ya kibanda cha rangi ya buluu kilichofanana na vile vibanda vya simu ya polisi vilivyokuwako mitaani Uingereza zamani zile. Kwa nje ni kibanda cha kumtosha mtu mmoja au wawili. Kwa ndani ni jumba. Popote ashukapo hukuta watu wanaonewa. Huwasaidia, aghalabu bila bunduki, kwa akili na maneno na mzaha, kisha hupanda kibanda chake akaenda zake, mara nyingi kabla hawajamaliza kumshukuru.

Wa kwanza kumwigiza alikuwa William Hartnell, aliyezaliwa 1908, mtu ambaye katika sinema alizoea kupewa nafasi za askari wakali na wahuni. Mwaka 1966 afya yake ilikuwa imedhoofu, hakuweza kuendelea. Hapo hadithi ingekwisha. Lakini watengenezaji walipata shauri jipya: kwa kuwa Daktari si binadamu kama sisi, na aweze kubadili mwili. Mzee akaanguka chini, akainuka mtu mwingine, Patrick Troughton, naye ni Daktari yule yule. Baada yake akaja Jon Pertwee, na mwaka 1974 akaja Tom Baker, ambaye alikaa miaka saba, muda mrefu kuliko waliomtangulia wote.

Kwa hiyo tangu 1966 kila mtoto wa Uingereza alijua kwamba Daktari ni mmoja na wanaomwigiza ni wengi. Sisi wa Kanisa letu hatuna haja ya kushangaa mno. Padri huhamishwa, akaja mwingine, akavaa mavazi yale yale ya sakristia, hata kama kanzu yamfika magotini.

Sasa huyu Tom Baker ni nani? Alizaliwa Liverpool tarehe 20 Januari 1934, katika nyumba maskini. Baba yake alikuwa baharia Myahudi, asiyeonekana nyumbani mara nyingi. Mama yake alikuwa Mkatoliki mcha Mungu aliyefanya kazi za usafi. Akiwa na umri wa miaka 15 aliacha shule akaingia utawani, katika shirika la mabruda wenye asili ya Ufaransa. Alikaa huko karibu miaka sita. Kisha imani ikamtoka, akaondoka. Akatumikia jeshi kama vijana wote wa wakati ule, katika kikosi cha madaktari, halafu akasomea uigizaji. Alipata kuwa katika Jumba la Taifa la Maigizo la London chini ya Laurence Olivier, na mwaka 1971 aliigiza katika sinema nafasi ya Rasputin, yule mtu wa dini aliyetisha nyumba ya mfalme wa Urusi. Hata hivyo kazi zikakauka. Mwanzoni mwa 1974, akiwa na miaka 40, alikuwa kibarua wa ujenzi.

Tungependa wasomaji wapatazame hapo. Mtu ameshindwa utawa. Ameshindwa, kama alivyoona mwenyewe, hata kazi aliyoichagua baada ya utawa. Anabeba vifaa vya ujenzi ili apate kula. Akamwandikia barua mkubwa mmoja wa BBC aliyemfahamu, kuomba kazi yoyote. Nao wakati huo walikuwa wanamtafuta Daktari mpya. Mtayarishaji Barry Letts akaenda kumtazama katika sinema moja ya Sinbad ambamo Baker aliigiza mchawi mwovu, akaridhika. Hivyo yule aliyetoka utawani bila imani, na aliyejulikana katika sinema kwa sura ya watu waovu, alivishwa wema kama vazi, akaambiwa autembeze mbele ya watoto wa nchi nzima.

Hata vazi lenyewe lina kisa chake. Mshoni wa mavazi, James Acheson, alinunua nyuzi za sufu nyingi za rangi mbalimbali, akampa mama mmoja mfumaji, Begonia Pope, amfumie Daktari skafu. Hakumwambia afume kiasi gani. Mama yule akafuma zote. Skafu ikaja ndefu ya kuburura chini, Baker akaifunga shingoni akacheka, wakaiacha hivyo. Ile ndiyo alama ambayo mamilioni walimjua kwayo, nayo ilitokana na mtu kutopewa maagizo kamili. Mimba ya mambo makubwa mara nyingine ni hiyo tu.

Watoto walimpenda upesi. Katika mfuko wake Daktari alikuwa na peremende laini zenye umbo la vitoto, naye huwapa hata maadui. Watazamaji katika miaka yake walikuwa kwa kawaida mamilioni kadhaa kila juma, na usiku mmoja wa Oktoba 1979, wakati kituo cha pili kilipokuwa katika mgomo, walipita milioni 16. Tuliofundisha darasa la watu arobaini na kuogopa tusiwapoteze watatu wa nyuma twaweza kuwaza uzito wa hesabu hiyo.

Naye Baker alifanya nini na mzigo huo? Mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba miaka ile alijihadhari asionekane na watoto akivuta sigara wala amelewa barabarani, ingawa hakuwa mtu wa kujinyima anasa. Alijua kwamba mtoto akimwona hatasema, "Yule mwigizaji anavuta." Atasema, "Daktari anavuta."

Yako pia masimulizi yake moja ambayo mgeni wetu aliyapenda kuliko yote. Jumamosi moja Baker alikuwa safarini, mbali na kwake, na saa ya kipindi ikawadia. Alitaka kukiona. Basi akabisha hodi katika nyumba ya watu asiowajua, akaomba aruhusiwe kutazama televisheni. Baba mwenye nyumba alimtambua, akamkaribisha ndani. Sebuleni walikuwako watoto wawili wamekodoa macho kwenye kioo, na katika kioo yumo Daktari. Yeye akaketi kimya kando yao. Baada ya kitambo wakageuka. Wakamwona. Wakatazama kioo, wakamtazama tena, wasijue la kusema.

Kuna ndugu watakaosema kwamba haya yote ni upuuzi, na pengine ni ibada ya sanamu. Hatuwadharau. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 14, twasoma habari za Paulo na Barnaba huko Listra. Walimponya kiwete, na watu wa mji wakawadhania kuwa miungu iliyoshuka, wakamwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, wakaleta ng'ombe na mashada ya maua wapate kuwatolea dhabihu. Mitume walipotambua jambo hilo walirarua mavazi yao na kuruka katikati ya watu wakikataa. Upendo ulikuja kwa anwani isiyo yao, nao hawakuupokea hata dakika moja. Je, Baker naye hakupaswa kurarua skafu?

Sisi twaona kwamba jambo hili na lile si sawa, ingawa ni majirani. Watu wa Listra walikosea juu ya nani atendaye. Mtazamaji mzima wa Doctor Who hakosei. Ajua kwamba kibanda ni mbao, na zimwi ni mtu ndani ya mpira. Anachokipenda ni wema ule aliouona ukifanyika mbele yake, na wema hauwezi kuonekana bila mwili. Lazima mtu fulani ausimamishe kwa miguu yake, aukopeshe sauti yake na meno yake. Katika zile Kanuni 39 za Dini, ambazo Kanisa la Uingereza lilizikamilisha mwaka 1571, ya 26 yafundisha kwamba ubaya wa mtumishi hauondoi neema ya sakramenti anayoitoa. Hatusemi kwamba tamthilia ni sakramenti, la hasha. Twasema tu kwamba baba zetu katika imani walikwisha kuona kuwa kitu chema chaweza kupita katika mkono usiostahili kikafika salama.

Lakini mtoto si mtu mzima. Mtoto hatenganishi. Hapo ndipo tunapoona kwamba deni la mwenye kuvaa si sawa kwa wote: ni kubwa zaidi kwa wale wasioweza kumtofautisha na vazi lake. Sigara iliyofichwa haikuwa unafiki. Ingekuwa unafiki kama Baker angehubiri dhidi ya sigara. Yeye aliificha tu ili asivunje kitu ambacho hakikuwa mali yake.

Katika habari hii hatuna budi kumtaja Bibi Mary Whitehouse, ambaye alikuwa mwalimu kama sisi na Mkristo mwenye msimamo, aliyeanza miaka ya sitini kuishambulia BBC kwa mambo aliyoyaona machafu. Wapenzi wa Doctor Who mpaka leo humcheka. Novemba 1976 kipindi kimoja kiliisha kwa picha ya kichwa cha Daktari kikiwa kimezamishwa majini na adui, picha ikasimama hapo, na watoto wakaachwa mpaka Jumamosi ya pili. Bibi Whitehouse alilalamika kwamba mtoto atakaa na picha ile kichwani juma zima. Mkuu wa BBC akamwomba radhi, na sehemu ile ikakatwa katika mkanda. Sisi hatukubaliani naye katika mengi. Hadithi isiyo na hofu haimfundishi mtoto ushujaa, na watoto wetu wamesikia habari za zimwi mla watu tangu zamani wakalala vizuri. Ila katika hili alikuwa ameona jambo ambalo waliomcheka hawakuliona. Mtoto hamhofii mtu asiyempenda. Ukikubali kupendwa na mtoto kwa karibu miaka miwili, huna ruhusa ya kumzamisha mpendwa wake majini Jumamosi na kwenda kunywa chai.

Na watu wazima je? Wao wana deni gani kwa mwigizaji? Tunadhani liko, na wengi hawalilipi. Desemba 1980 Baker alimwoa Lalla Ward, aliyekuwa akiigiza kama mwenzake safarini, na mashabiki walifurahi kana kwamba mashujaa wawili wa hadithi wameoana. Lakini ndoa hukaa nyumbani, haikai katika kibanda cha buluu, nayo haikufika hata miaka miwili. Kisha mwaka 1983 kipindi kilipotimiza miaka 20, BBC ilitengeneza mchezo wa kuwakusanya Madaktari wote. Baker alikataa. Alikuwa ametoka muda mfupi tu, hakutaka kurudi. Katika mchezo wakatumia vipande vya zamani alivyopigwa mwaka 1979 katika hadithi ambayo mgomo uliikatiza. Na siku ya kupiga picha za magazeti, waigizaji wenzake waliposimama pamoja, mahali pake ikawekwa sanamu yake ya nta iliyotoka katika jumba la Madame Tussauds.

Mgeni wetu alitutolea picha hiyo katika simu yake. Tuliitazama muda mrefu. Watu wenye damu wanatabasamu, na katikati yao limesimama vazi kamili, skafu na nywele za kujikunja, bila mtu ndani. Wako waliomkasirikia Baker kwa kukataa kule. Sisi twasema alikuwa na haki. Upendo unaomwambia mtu, "Huna ruhusa ya kulivua," umekwisha kuacha kuwa upendo, umekuwa kamba. Na sanamu ile ya nta ndiyo jibu lake: kama ni vazi tu mnalolitaka, hili hapa, lichukueni.

Patrick Troughton alikuwa na njia nyingine. Yeye hakupenda mahojiano, akiamini kwamba mwigizaji akijionyesha mno nje ya mchezo huharibu mchezo. Lakini katika miaka ya mwisho alikubali kwenda kukutana na mashabiki katika mikutano yao, na inasemekana alifurahi nao kama mtoto. Tarehe 28 Machi 1987, akiwa katika mkutano wa namna hiyo huko Columbus, jimbo la Georgia, Marekani, moyo ulimsimama akafa. Alikuwa na miaka 67. Alifia mbali na kwao, katikati ya watu waliompenda kwa kazi aliyoifanya miaka ishirini nyuma.

Hatutaki wasomaji wadhani kwamba mashabiki hupokea tu. Miaka ya sitini na sabini BBC ilifuta kanda nyingi za zamani, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali na hakuna aliyedhani kwamba mtu angetaka kuziona tena. Vipindi vingi vya Hartnell na Troughton vikapotea hivyo. Lakini wako watoto na vijana waliokuwa wameshika kinasa sauti mbele ya televisheni nyumbani, wakiwaomba ndugu zao wasikohoe, na kwa ajili yao sauti ya kila kipindi kilichopotea ingaliko. Wengine wamezunguka dunia wakitafuta nakala zilizouzwa nchi za nje. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vya Troughton vilivyokuwa vimepotea vimepatikana katika kituo cha televisheni huko Jos, Nigeria, vimekaa katika makopo yake kwa miongo mingi. Kwa hiyo Afrika, ambayo hakuna aliyeihesabu katika habari hii, ndiyo iliyokuwa imewatunzia. Mwenye mali aliitupa, waliopenda waliihifadhi. Aliyesema kwamba upendo wao ulikuwa pumzi hewani na atafakari hapo.

Mwaka huo huo wa 2013, tarehe 23 Novemba, kipindi kilitimiza miaka 50, na mchezo wa sikukuu ukaonyeshwa kwa wakati mmoja katika nchi 94. Karibu na mwisho wake, Daktari wa wakati ule, kijana Matt Smith, yuko peke yake katika jumba la picha. Sauti nzito ikasikika nyuma yake. Akageuka, na tazama, ni Tom Baker, mzee wa miaka 79, mwenye mvi na fimbo. Hakuvaa skafu. Hakuitwa Daktari, aliitwa mtunzaji wa jumba lile. Alikuja kwa hiari yake na kwa sura yake ya uzee, akasema machache, akaondoka. Mgeni wetu alisema kwamba siku ile alilia tena, mbele ya watoto wake, nao wakamcheka. Katika orodha ya heshima ya Mwaka Mpya 2025, Baker alitunukiwa nishani ya MBE.

Tuliahidi kusema sababu yetu wenyewe.

Tulifundisha chuo cha ualimu miaka mingi. Februari mwaka ule ule wa 2024 alikuja parishi kwetu mama mmoja, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ambaye alikuwa mwanafunzi wetu miaka ya tisini. Baada ya ibada aliomba nafasi ya kusema neno. Akaeleza jinsi alipokuwa mwaka wa pili baba yake alifariki, akarudi nyumbani na kuazimia kuacha chuo. Akapata bahasha yenye nauli na fedha za kumtosha muhula mmoja, na barua fupi isiyo na jina, ya kumtia moyo. Akasema, "Lakini juu ya bahasha niliyatambua maandishi ya mwalimu wangu, maana ndiye aliyekuwa akituandikia ubaoni kila siku." Akatunyoshea mkono. Watu wakapiga makofi, na sisi tukainamisha kichwa kama wanyenyekevu. Tukapigwa picha naye.

Maandishi yalikuwa yetu kweli. Fedha hazikuwa zetu. Zilikuwa za mwenzetu aliyefundisha hesabu, mtu mwenye watoto sita na mshahara kama wetu. Alitupa bahasha tuiandike anwani na kuitia posta kwa sababu tulikuwa tunakwenda mjini, akatuomba tusimwambie mtu. Alifariki mwaka 2009 bila kulitaja tena.

Siku ile tulijiambia kwamba tunatunza siri ya marehemu. Baadaye tulijiambia kwamba si vema kumsononesha mama yule. Kisha Agosti akaja mgeni, tukaiona ile picha ya sanamu ya nta, na usingizi ukatuacha. Maana mwigizaji hamwibii mtu. Kila mtu mzima ajua kwamba amevaa, na Baker hakupata kusema kwamba aliokoa dunia. Sisi tulipokea shukrani ya mama asiyejua. Hata hivyo mwenzetu alitaka sadaka yake iwe ya siri, na ni nani aliyetupa ruhusa ya kuifunua? Tulibishana na nafsi zetu hivyo zaidi ya mwaka mzima, na lazima tukiri kwamba hoja ya kunyamaza ilikuwa tamu sana kwetu, nasi tukaanza kuishuku kwa utamu wake.

Katika Kwaresima iliyopita tulimwandikia. Tulieleza yote katika karatasi mbili, na anwani tukaiandika kwa mkono ule ule. Siku ya sita akapiga simu. Alitusalimu shikamoo kama desturi yake, kisha akanyamaza kidogo mpaka tukadhani simu imekatika. Akauliza yule mwalimu alizikwa kijiji gani, na kama mjane wake yu hai. Yu hai. Mvua zikikatika tutakwenda naye.